Nyumba ya Kupangisha: Mambo Yaliyotufundisha



Jioni moja walitujia vijana wawili, mume na mke, ambao tuliwasimamia siku ya arusi yao. Waliketi, wakanywa maji, wakauliza habari za watoto. Kisha mume akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hesabu ya akiba yao ya miaka 9. «Baba, Mama,» akasema, «twataka kununua nyumba ndogo ili tuipangishe. Watu wanatuambia kwamba mwenye nyumba hulala usingizi, na nyumba yake humfanyia kazi. Ninyi mnayo nyumba ya kupangisha. Je, ni kweli?»

Tulitazamana tukacheka kidogo, maana nyumba ile imetukesha mara nyingi kuliko ilivyotupa usingizi. Hata hivyo hatukuwakataza. Tuliwaambia waketi vizuri, tukawaeleza mambo tangu mwanzo. Na kwa kuwa twajua jamaa nyingi zina nia kama yao, twayaandika hapa yote tuliyowaambia, pamoja na yale yanayotuaibisha.

Sisi tunakaa Lubumbashi. Mmoja wetu alifundisha shule ya msingi miaka 31. Mwingine ni fundi wa kushona, na cherehani yake haijanyamaza tangu tulipooana. Wazazi wetu walipata nyumba zao katika miaka ya 1950, wakati Katuba na Ruashi zilipojengwa. Wengine walikopeshwa ili wajenge wenyewe. Wengine walipata nyumba zilizojengwa na Office des Cités Africaines, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1952, wakalipa kidogo kidogo kila mwezi. Baba wa mmoja wetu alikuwa na daftari lenye jalada jeusi. Kila faranga aliyolipa aliiandika humo, pamoja na siku na jina la aliyeipokea. Wahenga wamesema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tuliisikia tangu utoto, lakini hatukuishika mpaka ilipotuumiza.

Mwaka wa 2006 tulikuwa na dola 3,000. Mtu mmoja, anayeitwa hapa mjini komisioneri, yaani yule anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi apate fungu lake, alituletea habari ya kiwanja, au lupangu kama tusemavyo sisi. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema baba yake amekufa, naye ndiye mrizi. Alituonyesha fishi ya parseli yenye muhuri wa ofisi, akatuambia kuna mnunuzi mwingine atakayekuja kesho asubuhi na feza mkononi. Hilo neno la «kesho asubuhi» ndilo lililotupofusha. Tulilipa jioni ile ile, mbele ya mashahidi wawili ambao muuzaji mwenyewe ndiye aliyewaleta.

Majuma matatu baadaye tulipeleka matofali ya kwanza. Tuliwakuta pale dada zake wawili pamoja na mama yao mzee, ameketi juu ya kiti katikati ya kiwanja. Hakupiga kelele. Alisema tu: «Wanangu, mimi ningali hai. Nani amewauzia?» Tulirudisha matofali yetu. Kijana yule tulimtafuta miaka minne. Tukapata kwake dola 1,100 kwa vipande vipande, na zilizobaki tukazihesabu kuwa karo ya shule yetu ya uzeeni.

Basi, neno la kwanza tulilowaambia vijana wetu ni hili: karatasi kwanza, feza baadaye, ufunguo mwisho. Katika nchi yetu ya Kongo, sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1973 yasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Sisi raia twapewa haki ya kuitumia, nayo yaweza kuwa ya daima kwa Mkongomani. Haki hiyo yathibitishwa kisheria kwa karatasi moja tu, ndiyo sertifika ya uandikisho, itolewayo na Konservateri wa hati za nyumba na viwanja. Fishi ya parseli, barua ya shefu wa kartiye, karatasi ya mauzo iliyotiwa saini mezani: hizo zote zaweza kuonyesha njia, lakini hazifiki mwisho wa safari. Mtu akikuonyesha hizo tu, ujue kwamba wanunua tumaini, wala si nyumba. Na bei ya tumaini sharti iwe ndogo.

Tena haitoshi kuiona sertifika mikononi mwa muuzaji. Sharti uende mwenyewe katika ofisi ya hati na kuomba ilinganishwe na kitabu chao: jina ni lile lile? vipimo ni vile vile? nyumba haikuwekwa rehani kwa deni? Utazame na tarehe. Kwa sheria ile ile, sertifika iliyokwisha kupita miaka miwili haiwezi tena kubatilishwa kwa mashitaka. Aliyeonewa hubakiwa na haki ya kudai malipo ya hasara tu. Kwa hiyo ikiwa sertifika ni ya juzi, uliza kwa upole: nyumba hii ilikuwa ya nani zamani, na huyo mwenyewe yuko wapi?

Tena uliza habari za mke. Mume hawezi kuuza kiwanja cha ndoa pasipo kibali cha mke wake, wala mke pasipo kibali cha mume. Ndivyo isemavyo sheria ya jamaa. Na ikiwa mwenyewe amekufa, warizi wote sharti waonekane na kutia saini, hata yule anayekaa Kolwezi au Kalemie. Kama tungalimwuliza kijana yule swali moja tu, «Mama yako yuko wapi?», tungalikuwa na dola zetu 3,000.

Baada ya karatasi, nyumba yenyewe. Tulipopata nguvu ya kununua tena, mwaka wa 2014, tulifanya kinyume cha mara ya kwanza. Nyumba tuliiona mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa 10, wakati visima vya Lubumbashi vinaposhuka. Tulitumbukiza ndoo ili tujue kama maji yangalipo. Mara ya pili tulikwenda mwezi wa 1, mvua ikinyesha kweli kweli. Tulisimama ndani tukatazama juu, tukaona doa moja pembeni mwa dari. Tukatoka nje tukatazama maji ya njia yanaelekea wapi. Mara ya tatu tulikwenda usiku, tukaongea na majirani juu ya umeme, wezi na makelele. Muuzaji anayekataza usije wakati wa mvua anakueleza habari za mabati yake pasipo kufumbua kinywa.

Tulimchukua na fundi mwashi, tukamlipa kazi ya siku moja. Aligonga kuta, akachimbua kidogo chini ya msingi, akatuonyesha njia za mchwa katika mbao za mlango. Kwa ajili ya mbao zile na doa lile tulipunguziwa bei, kutoka dola 14,000 mpaka 13,000. Mshahara wa fundi kwa siku moja ulituletea dola 1,000.

Sasa twafika kwenye hesabu, ambayo wengi hawapendi kuifanya. Nyumba ile tuliipangisha kwa dola 110 kila mwezi. Mtu asikiaye hivyo husema: miezi 12 ni dola 1,320, basi tumetajirika. Tafadhali, toa kwanza mwezi mmoja, kwa maana si rahisi nyumba ikae na watu mwaka mzima pasipo nafasi: zabaki 1,210. Toa 160 za mabati, rangi, kufuli na choo: zabaki 1,050. Toa na ushuru wa Serikali juu ya kodi ya nyumba, ambao kwetu mwaka ule ulikuwa karibu dola 260: zabaki 790. Ukigawanya 13,000 kwa 790, utaona kwamba nyumba itarudisha bei yake baada ya miaka 16 na nusu. Hiyo ni mali nzuri, lakini ni mali ya mtu mvumilivu. Imefanana na mchikichi, wala si mchicha.

Kwa sababu hiyo tuliwasihi vijana wetu wasikope kwa haraka. Tufanye mfano. Mtu akikopeshwa dola 13,000 kwa faida ya 3 kwa mia kila mwezi, atadaiwa dola 390 za faida kila mwezi, hali nyumba yamletea 110. Huyo hakununua nyumba. Amenunua deni lenye madirisha. Afazali kungoja miaka miwili tena. Akiba haiozi.

Juu ya mpangaji tulijifunza mengi zaidi. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2015 inahusu nyumba za kupanga. Yasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Twajua wenye nyumba wanaodai miezi sita na hata zaidi. Wasidhani kwamba kwa njia hiyo wamejilinda. Wamemkosesha mpangaji feza za chakula cha mwezi wa kwanza, na mtu aliyeingia na njaa hachelewi kushindwa kulipa.

Kontra iandikwe, hata kama mpangaji ni mtoto wa ndugu yako. Kwa huyo hasa iandikwe. Ndani yake muweke majina, kiasi cha kodi, siku ya kulipa, garanti, idadi ya watu watakaokaa, na nani atengeneze nini. Kwetu paa, kuta na choo ni kazi yetu. Kioo kilichovunjwa na kufuli iliyopotea ni kazi ya mpangaji. Siku ya kutoa ufunguo twatembea pamoja chumba kwa chumba, tukiandika kila ufa na kila msumari, kisha pande zote mbili hutia saini. Twasoma pamoja na bili za maji na umeme, ili asilipishwe deni la aliyemtangulia.

Mtaje na aina ya feza. Wazee wenzetu hawajasahau miaka ya 1990. Mwaka wa 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire za kale 3,000,000. Na mwaka wa 1998 faranga ya Kongo moja ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Mwenye nyumba aliyekuwa amepatana kodi ya mwaka mzima kwa zaire aliona kodi ya mwezi wa 1 ikinunua magunia ya unga, na ile ya mwezi wa 12 hainunui hata bakuli. Ndiyo sababu watu wa mji walizoea kuhesabu kodi kwa dola. Lakini mshahara wa mpangaji waweza kuwa wa faranga. Basi muandike atalipa kwa aina gani, na kwa bei ya siku gani. Ugomvi mwingi wa kila mwezi utakwisha kwa mstari huo mmoja.

Sasa twaja kwenye aibu yetu. Katika nyumba ile alikaa mume mmoja na mke wake na watoto wanne. Walilipa vema muda wa miaka miwili. Mwanzo wa mwaka wa 2017 mume akaenda kuchimba madini upande wa Kolwezi, akasema atatuma feza. Hakutuma. Barua hakuna, simu haiitiki. Mke aliuza unga sokoni, akatuomba tungoje. Tukangoja. Garanti ya miezi mitatu ikaliwa, kisha ikaongezeka miezi minne mingine: deni la dola 440. Kodi ile ndiyo iliyokuwa ikilipa masomo ya mtoto wetu wa mwisho.

Jamaa wa karibu akatushauri yale yanayofanywa na wengi: «Ondoeni mlango. Mtu hawezi kukaa katika nyumba isiyo na mlango.» Nasi tukafanya hivyo. Siku ya Jumatano, mwezi wa 7, tulikwenda na fundi, tukaung'oa mlango wa mbele, tukaubeba juu ya mkokoteni mpaka kwetu. Mama yule hakusema neno. Ninyi mnaokaa Katanga mwaijua baridi ya mwezi wa 7.

Usiku hatukulala. Mlango ule ulikuwa umeegemezwa ukutani, karibu na cherehani. Saa tano tukaondoka sote wawili, hatukuambiana neno, tukaenda. Tulikuta kitenge kimetundikwa mlangoni, na upepo ukikipeperusha. Nyuma yake mtoto wao mkubwa, mvulana wa miaka 11, alikuwa ameketi juu ya kibao, ameshika panga la kulimia, akilinda wadogo zake. Alipotutambua alisimama akatuamkia kwa heshima: «Shikamoo Baba, shikamoo Mama.» Maneno ya mtoto yule yangali masikioni mwetu.

Kabla ya mapambazuko mlango ulikuwa mahali pake. Asubuhi tuliketi na mama yule, daftari mezani. Nyuma ya nyumba tulikuwa tumejenga mwaka wa 2016 chumba kimoja na jiko, kodi yake dola 40. Tulipatana ahamie huko, alipe 40 za kodi na 20 za deni kila mwezi. Nyumba kubwa tukaipangisha kwa wengine. Miezi mingine alileta feza zimefungwa ncha ya kitambaa, zenye vumbi la unga. Mwezi wa 22 alileta dola 20 za mwisho, akatuomba tuufunge ukurasa mbele yake. Tulichora mstari chini ya hesabu, akatia saini, tukatia saini. Hatukupoteza hata dola moja. Lakini kama angalishindwa kulipa tungalikuwa bado na deni kwake, deni la usiku mmoja.

Baadaye tulijua kwamba tendo letu lilikuwa kosa mbele ya sheria pia. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfukuza mtu kwa mkono wake mwenyewe. Sharti kwanza waende kupatanishwa katika ofisi ya serikali inayohusika na makao. Wasipopatana, Tribinali ndiyo itakayokata neno. Tangu siku ile tuna desturi yetu. Siku tano baada ya siku ya kulipa, tunakwenda kusalimu na kuuliza habari. Mwezi wa pili tunaandika barua na kutafuta mapatano. Tukishindwa, tunakwenda ofisini. Mpaka leo hatukufika Tribinali hata mara moja, kwa maana deni likiongelewa likingali changa halikui kuwa uadui.

Neno la mwisho tuliwaambia vijana wetu wakiwa wamekwisha kusimama. Nyumba ya kupangisha ni mali itakayowaishi ninyi wenyewe. Basi andikisheni ndoa yenu mbele ya Serikali, kama hamjafanya. Sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987 yampa mjane haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakikaa, na watoto ndio warizi wa kwanza. Lakini mjane asiye na karatasi atasumbuliwa sana kabla ya kuipata haki hiyo. Waambieni watoto mahali sertifika ilipo. Waonyesheni daftari. Wajue nani ni mpangaji, analipa nini, na garanti yake ni kiasi gani, kwa maana ile garanti si mali yenu: mwaitunza tu mpaka siku atakapotoka.

Kijana yule alikunja karatasi yake tena, lakini mke wake akaichukua mkononi mwake, akaikunjua, akaandika nyuma yake: ofisi ya hati, warizi, mvua, fundi, kontra. Kisha akatuuliza: «Na mtoto yule aliyelinda mlango, yuko wapi sasa?» Tukamwambia kwamba amekuwa kijana, anajifunza useremala. Mwaka uliopita milango ya nyumba yetu ililiwa na mchwa. Ni yeye aliyetutengenezea mipya, na kazi yake tulimlipa siku ile ile.